Cairo ya Illinois: Mji Ambao Mto Haukuushinda

Mabibi na mabwana, chukueni ramani ya Marekani, mfuate mto Mississippi hadi unapokutana na Ohio. Penye ncha ile ya ardhi, kusini kabisa mwa jimbo la Illinois, ndipo ulipo mji wa Cairo, makao makuu ya Kaunti ya Alexander. Umezungukwa na matuta na kuta za kuzuia mafuriko. Upande wa kaskazini barabara hupita chini ya lango kubwa la chuma. Likishushwa, njia imefungwa.

Mwaka 1861, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipoanza, Jenerali Grant wa jeshi la Kaskazini aliweka makao yake hapo, maana aliyeyashika makutano yale alikuwa na njia ya maji ya kuingilia majimbo ya Kusini yaliyoasi. Meli za mvuke na reli zikaleta neema. Sensa ya 1920 ilikuta watu zaidi ya 15,000. Ile ya 2020 ikakuta 1,733.

Kwa kupungua huko, wapo wanaoulaumu mto. Mimi nakataa. Mafuriko makubwa ya 1937 yalizamisha miji mingi ya bonde la Ohio, Cairo ikasalimika. Mei 2011 wahandisi wa jeshi walilipua tuta la Birds Point, ng'ambo ya Missouri, maji yakafunika ekari zipatazo 130,000 na mji ukaokoka. Pinhook, kijiji cha wakulima Weusi kilichokuwa katika ekari hizo, kikaangamia. Tukiusifu uokoaji ule, tukitaje na kijiji hicho.

Basi tutazame ndani ya kuta. Ni kweli kwamba daraja la reli la 1889, na baadaye barabara kuu, viliwapunguzia wasafiri haja ya kusimama pale. Miji mingi ya mitoni imepatwa na hilo. Lakini Cairo ina lake. Mwaka 1909 umati wa maelfu ulimuua Will James, mtu Mweusi, hadharani. Miaka ya 1960, Weusi walipodai haki ya kuogelea, bwawa lilifungwa, hatimaye likajazwa zege. Mwaka 1967 Robert Hunt, askari kijana Mweusi, alifia mikononi mwa polisi. Kuanzia 1969, wakiongozwa na Mchungaji Charles Koen, Weusi walisusia maduka ya Wazungu wakidai ajira. Wenye maduka wengi wakaona heri kufunga kabisa kuliko kumwajiri karani Mweusi.

Mwaka 1986 hospitali nayo ikafungwa. Na mwaka 2017 serikali ya shirikisho ilipotangaza kuwahamisha wapangaji wa Elmwood na McBride, mitaa miwili ya nyumba za umma, familia zile hazikuwa zinakimbia maji: nyumba zao zilikuwa zimeachwa zioze kwa miaka mingi, na mjini hapakuwa na nyumba nyingine za kuwatosha.