Yoga Ndani ya Ratiba ya Mwanafunzi wa Udaktari

Wahadhiri wenzangu, na ninyi wanafunzi mliotoka zamu mkaja hapa badala ya kwenda kulala, ahsanteni.

Nitaanza na takwimu, maana najua ninaongea na watu wasioamini neno tupu. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA la Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 43. Asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au dalili zake, na asilimia 11.1 walikuwa na mawazo ya kujiua. Kati ya waliokutwa na dalili za sonona, waliotafuta matibabu ni asilimia 15.7 tu. Na hao ndio kesho watamfokea mgonjwa: mbona umechelewa kuja?

Mwaka 2017 Chama cha Madaktari Duniani kiliongeza kwenye Azimio la Geneva, kiapo cha kisasa cha madaktari, ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe ili atoe huduma bora. Ahadi nzuri. Ila mwanafunzi ataitimiza saa ngapi?

Hapo ndipo yoga inapoingia, na mimi naianzia kwenye pumzi, si kwenye kujikunja. Kupumua ni kazi ya ajabu mwilini: inajiendesha yenyewe usingizini, lakini ukitaka unaishika usukani. Mwambie mwanafunzi aweke vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, avute pumzi taratibu, kisha aitoe taratibu zaidi. Atahisi mapigo yakiharakisha anapovuta na kupungua kasi anapotoa. Hiyo ni neva ya vagasi, inayopunguza kasi ya moyo, ile aliyoikariri usiku kucha kwa ajili ya mtihani, sasa anaikuta kazini ndani ya mwili wake. Kiwambo nacho, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, anaoujua ukiwa umekunjamana kwenye maiti ya mafunzo, anakihisi kikishuka na tumbo likitokeza anapovuta pumzi. Sijui njia rahisi kuliko hii ya kufundisha fiziolojia.

Wapo wanaohofu kwamba tunaingiza dini ya watu darasani. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliowapima watu wakisali rozari, kisha wakitamka mantra ya yoga, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa. Kwa yote mawili pumzi zilishuka hadi kama 6 kwa dakika, na mwili ukawa mwepesi zaidi kurekebisha shinikizo la damu. Moyo haukuuliza ni sala ya nani. Anayetaka kufanya mazoezi bila mantra, afanye bila mantra.

India wamejaribu jambo hili kitaifa. Mwaka 2022 tume yao inayosimamia elimu ya udaktari ilipendekeza mafunzo ya yoga ya siku 10 kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kuanzia Juni 12 hadi Juni 21, Siku ya Kimataifa ya Yoga. Kama utangulizi, sawa. Lakini mwanafunzi haelemewi kwa siku 10. Anaelemewa kwa miaka, na mzigo huwa mzito zaidi akishaingia wodini.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa vitivo ni moja: kipindi kiwe ndani ya saa za masomo, na kitu kingine kiondolewe kukipisha. Mhadhara wa kusomewa slaidi ambazo wanafunzi wanazo tayari, kwa mfano. Ukimwita mtu aliyekesha aje kutulia alfajiri ya Jumamosi, umempa zamu nyingine. Msiweke alama wala mtihani. Na tusiitumie yoga kufunika uchafu wetu: daktari bingwa anayemtukana mwanafunzi mbele ya mgonjwa ndiye anayepaswa kurekebishwa, si pumzi za mwanafunzi.

Nao wanafunzi waihoji yoga kama wanavyoihoji dawa. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, kiliitaja miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini. Hilo lina ushahidi. Anayemwambia mgonjwa wa kisukari aache insulini kwa sababu anafanya yoga anahatarisha uhai wake. Mwenye glakoma, ugonjwa wa macho unaoharibu neva ya kuonea, naye asisimame kichwa chini, kwani shinikizo la jicho hupanda sana. Kwa hiyo kabla ya kipindi cha kwanza kila mwanafunzi aulizwe kuhusu macho, mgongo, shinikizo la damu na ujauzito, faraghani, na anayetaka kukaa kwenye kiti tu na kupumua aachwe akae.