Jinsi ya Kutafuta Mtu Kwenye Seva ya LDAP kwa Kivinjari Tu

Habari ndugu mtazamaji, karibu sana. Leo tunaingia kwenye seva ya saraka, yaani kompyuta inayotunza orodha ya watu na taarifa zao, kwa kivinjari peke yake, bila kuandika amri yoyote kwenye skrini nyeusi. Kabla sijabofya kitu, shika neno hili: ukurasa ukirudi mtupu, usikimbilie kusema mtu huyo hayumo. Mara nyingi yumo, ila swali ndilo lililopotea njia. Nimeona mtu akifunguliwa akaunti ya pili kwa sababu aliyemtafuta alipata ukurasa mtupu, na kuja kuziunganisha akaunti hizo mbili ilikuwa kazi ya kuchosha kweli.

Saraka hii inazungumza itifaki ya LDAP, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Michigan. Toleo la 3, ambalo ndilo linalotumika mpaka leo, lilitoka mwaka 1997. Taarifa zake zimepangwa kama mti: kuna shina, kuna matawi, na kila mtu au kitu ni ingizo moja lenye sifa zake, kama jina, barua pepe na simu.

Sasa tazama skrini yangu. Fomu ina visanduku vinne: mahali pa kuanzia, upeo, kichujio na sifa. Ukitumia phpLDAPadmin au ukurasa mwingine, sura itabadilika, lakini mambo haya manne utayakuta, maana seva yenyewe ndiyo inayoyahitaji.

Tuanze kwa kulijua shina. Acha kisanduku cha mahali pa kuanzia kitupu. Kwenye upeo chagua base. Kwenye kichujio, yaani sharti la utafutaji, andika (objectClass=*), maana yake ingizo la aina yoyote, na kwenye sifa andika namingContexts. Hiyo ya mwisho usiiruke, kwa kuwa seva haiitoi mpaka uitaje kwa jina. Bofya Tafuta. Unaona? Imerudi dc=example,dc=org. Hilo ndilo shina letu. Linakili, ulibandike kwenye mahali pa kuanzia.

Tukija kwenye upeo, kuna chaguo tatu. Base huangalia ingizo hilo moja tu. One huangalia watoto wake wa moja kwa moja, lenyewe likiachwa nje. Sub huangalia lenyewe na vizazi vyote chini yake. Hapa ndipo wanaoanza hukwama: watu wetu wako ndani ya tawi la ou=people, nawe umesimama kwenye shina ukachagua one. Seva itaishia mlangoni mwa tawi, haitaingia. Chagua sub, au teremka mwenyewe uanzie ou=people,dc=example,dc=org. Mimi napendelea kuteremka, kwa sababu seva inapekua sehemu ndogo zaidi.

Twende kwenye kichujio, na hapa tutakaa kidogo. Andika (sn=Juma), sn ikiwa ni jina la ukoo, ubofye. Amepatikana, na hata ungeandika juma kwa herufi ndogo angepatikana. Ukitaka masharti mawili kwa pamoja, alama hutangulia, kisha masharti hufuata, kila moja na mabano yake: (&(objectClass=person)(sn=Juma)). Ukitaka hili au lile, badala ya & weka mstari wima, |. Hesabu mabano yako. Likipungua moja tu, seva inakataa swali zima.

Halafu kuna majina yenye tahajia nyingi. Mtu anaitwa Mohamed, Mohammed au Muhammad, nawe hujui aliyemsajili aliandika vipi. Tumia nyota, inayosimama badala ya herufi zozote: (sn=M*ham*d). Zote tatu zinanaswa. Ila nyota usiiweke mwanzoni mwa neno bila sababu, kwa sababu kama sifa hiyo haikuwekewa faharasa inayofaa, yaani orodha ya kuharakisha utafutaji, seva italazimika kupitia ingizo moja moja, na kwenye saraka kubwa utasubiri.

Jina likiwa na mabano ndani yake, andika \28 badala ya kufungua na \29 badala ya kufunga. Nyota yenyewe ni \2a. Na kama wewe ndiye unayetengeneza ukurasa wa namna hii, nakusihi ufanye ubadilishaji huo ndani ya programu kabla swali halijaenda kwenye seva. Usipofanya hivyo, mgeni yeyote anaweza kuandika mabano na nyota zake kwenye fomu na kuligeuza swali lako.

Kwenye sifa, andika unazohitaji tu: cn mail telephoneNumber, yaani jina, barua pepe na simu. Ukiacha patupu, zitakuja zote za kawaida unazoruhusiwa kuziona, pamoja na picha za watu.

Sasa majibu yenye namba. 49 maana yake jina au nenosiri ulilotumia kuingia si sahihi. 32 inasema mahali pa kuanzia hapapo, kwa hiyo kagua tahajia, ingawa seva nyingine hujibu hivyo hivyo kukuficha usichoruhusiwa kukiona. 4 inamaanisha umegonga kikomo cha idadi ya majibu: kati ya programu za seva za saraka, OpenLDAP kwa kawaida hutoa maingizo 500, Active Directory 1000. Hii ya 4 inapotosha sana, kwa sababu unapata orodha inayoonekana kamili kumbe imekatwa. Kaza kichujio, uulize tena.

La mwisho, tutafute wasio na barua pepe: (&(objectClass=person)(!(mail=*))). Alama ya mshangao inakanusha. Nimebofya, na ukurasa umerudi mtupu, bila kosa lolote. Je, kila mtu ana barua pepe? Tazama kona ya juu: niliingia bila jina. Kwenye OpenLDAP, asiyeruhusiwa kutafuta kwa sifa ya mail hapati ndiyo wala siyo, na ukikanusha jibu lisilojulikana, linabaki lisilojulikana. Naingia kwa akaunti yenye ruhusa, nahakikisha anwani inaanza na https kabla ya kuandika nenosiri, narudia swali lile lile bila kubadilisha herufi. Hao hapo, watu 3.