Simu, shuka jeupe na jua la Mikindani: namna ya kupiga picha kwa mwanga wa asili

Karibuni sana. Leo tuko Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini. Hilo jengo jeupe mnaloliona nyuma yangu ni Boma la Wajerumani, limejengwa mwaka 1895. Vifaa vyangu ni simu ya kawaida, kitambaa cha pamba na shuka jeupe. Ukiitazama video hii hadi mwisho, utaweza kuamua kama mwanga uliopo unakufaa kabla hata hujaitoa simu mfukoni.

Anza kwa kufuta lenzi. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na chumvi ikikaa kwenye kioo picha zote zinatoka na ukungu, kila taa ina mkia. Tumia pamba laini, kavu. Ukifuta kwa upindo wa fulana yenye mchanga unakwaruza lenzi, na mkwaruzo hauponi.

Sasa sahau kitu unachotaka kupiga. Tafuta mwanga kwanza. Nyanyua kiganja mbele ya uso wako, kisha zunguka polepole pale ulipo, kama ninavyofanya hapa. Tazama: nikilipa jua mgongo, kiganja ni bapa, mistari yote imepotea. Nikigeuka ubavu, kila mstari unaonekana. Nikielekea jua, kiganja kimeingia kivulini na kingo za vidole zinang'aa. Umeshaona aina tatu za mwanga bila kusogea hata hatua moja. Fanya zoezi hili kila unapofika mahali, hata sokoni, hata stendi ukisubiri gari.

Jambo la pili ni saa, na hapa nitakaa kidogo, maana mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezwa na watu wa nchi za mbali na ikweta. Kwao jua linashuka kwa mshazari, mwanga wa dhahabu unakaa muda mrefu. Kwetu linashuka karibu wima. Nyoosha mkono, kunja ngumi, iweke juu ya upeo wa macho: jua likikaa juu ya ngumi hiyo, una kama dakika 40 kabla halijazama. Kwa hiyo fika mapema, chagua pa kusimama, mwombe ruhusa unayetaka kumpiga, ndipo usubiri. Mwezi wa Juni hapa jua linazama saa 12 na dakika chache tu jioni. Desemba linafika kama saa 12 na nusu. Likishazama bado usiondoke. Kwa dakika kama 20 hivi anga huwa na rangi ya buluu laini, na mashua zilizotia nanga hupendeza sana wakati huo. Egemeza simu kwenye ukuta au jiwe ili isitikisike.

Tena jua letu linahama. Juni na Julai, saa sita mchana, liko upande wa kaskazini. Desemba liko kusini. Kati ya hapo, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 22 Februari, linapita juu ya utosi kabisa. Maana yake mlango wa nakshi unaoelekea kaskazini utapata jua la mchana mwezi wa Juni, na Desemba huohuo utashinda kivulini. Ukiona mlango mzuri hapa Mikindani na mwanga wake haukuridhishi, andika jina la mtaa, urudi msimu mwingine.

Tuje kwa watu. Bibi huyu ametukubalia tumpige picha barazani kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nikae wapi?"

"Hapohapo kizingitini, bibi, utazame nje."

Angalieni. Yeye yuko kivulini, lakini mchanga wa uani unarudisha mwanga usoni mwake kutoka chini na mbele. Ndani ya nyumba nyuma yake ni giza. Hapa ndipo ngozi nyeusi inapata uhai: shavu linang'aa, macho yana nukta ya mwanga. Ningemweka juani saa hizi, macho yangefumba na chini ya pua pangekuwa na kivuli kikali. Upande wake wa kushoto umezidi giza, basi kijana wangu analishika shuka jeupe upande huo. Mmeona tofauti? Sasa gusa uso wake kwenye skrini, usiguse ukuta. Alama ya jua ikitokea, ivute juu au chini kidogo mpaka rangi ya ngozi ifanane na unayoiona kwa macho. Usiruhusu simu imfanye mweupe kuliko alivyo, na programu ya kung'arisha sura izime kabisa. Hilo kwangu ni suala la heshima.

Simu huwa inataka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani. Ukipiga ukuta mweupe wa Boma ukajaa fremu nzima, simu itaufanya wa kijivu, basi ongeza mwangaza. Ukipiga kinyago cha Kimakonde cha mpingo, simu italififisha lile jeusi zuri, basi punguza. Kinyago kiweke karibu na dirisha, mwanga ukijie ubavuni, ndipo alama za patasi zitaonekana.

Wapo wanaosema mchana usipige picha. Sikubaliani nao. Jua likiwa juu ndipo maji ya bahari yanaonyesha rangi zake zote, kijani mpaka buluu, kwa sababu mwanga unafika chini kwenye mchanga. Siku za bamvua maji yanakupwa sana karibu saa 4 asubuhi, kina mama wanatoka kuchokoa pweza, na jua lishapanda. Pigeni hivyohivyo, kwa mbali, vivuli vikiwa vifupi chini ya miguu. Anayetaka maji yaliyokupwa pamoja na jua la jioni asubiri siku za maji mafu, ingawa hapo hayakupwi mbali.

Mtu akiniuliza nipige nini, namjibu: chagua kitu kimoja cha kwenu, ukifuatilie mwezi mzima. Mimi ningechagua korosho. Kuanzia Oktoba mabibo yanaiva, mekundu na ya njano. Liweke bibo kati yako na jua la asubuhi, uone linavyowaka kwa ndani. Nenda wanakochoma korosho, simama upande ambao moshi uko kati yako na jua, nyuma yake pawe na giza la miti: moshi wote utaonekana, uzi kwa uzi. Ukisimama upande wa pili, moshi huohuo hauonekani kabisa. Sogea wewe, usingoje mwanga ukufuate. Piga mikono inayobangua, piga ganda, piga magunia. Usikimbilie kuvuta picha kwa vidole viwili, inaharibika. Piga hatua, karibia.

Jioni kaa chini uchague. Kati ya picha zote bakiza chache ambazo unaweza kueleza mwanga ulitoka wapi. Nyingine futa.

La mwisho kwa leo: ukimtumia mtu picha kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana ukituma kwa njia ya kawaida inapunguzwa ubora. Na uliyempiga umpelekee nakala iliyosafishwa studio. Ya bibi nitaisafisha kesho mjini.