Jinsi ya Kumpata Daktari Mzuri wa Sungura Wako Hapa Nairobi

Hamjambo, na karibuni. Huyu niliyempakata ni Shaba, sungura jike wa miaka 3. Leo ni mzima kabisa, na ndiyo sababu nimeamua kurekodi leo. Daktari wa sungura hutafutwa wakati mnyama anakula na kurukaruka. Usingoje ifike saa nne usiku, umemshika amelegea, na kila namba unayopiga haipokelewi. Kwa hiyo chukua kalamu na karatasi, tuanze.

Kwanza nikueleze kwa nini daktari yeyote tu hatoshi. Nairobi ina madaktari wengi wa mifugo, na wengi wao ni hodari kwa ng'ombe, mbwa na paka. Sungura ana mwili wa namna yake. Hawezi kutapika. Tumbo lake halipaswi kupumzika hata kidogo, na ndani ya utumbo kuna kifuko kikubwa chenye bakteria wanaochachusha nyasi. Tumbo hilo likisimama, gesi hujaa, maumivu yanamfanya akatae chakula, na kule kukataa chakula kunazidi kulisimamisha tumbo. Sungura ambaye hajala wala kunya kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, hata kama ameketi kimya na anaonekana mtulivu. Ule utulivu wake wa kujikunyata na kusaga meno ni maumivu.

Kabla ya Shaba nilikuwa na dume jeupe, Pamba. Alipata kidonda shingoni, nikampeleka kliniki iliyokuwa karibu na nyumbani. Akaandikiwa amoksilini ya maji, ya kunywa. Mbwa angepewa dawa hiyo na apone. Kwa sungura, dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wazuri wa tumboni, kisha wale wabaya wanazaana na kutoa sumu. Siku ya pili Pamba alianza kuhara. Siku ya nne alfajiri nilimkuta amelala ubavu kwenye kona ya banda, masikio yamekuwa baridi kama bati. Daktari yule hakuwa na nia mbaya, na leseni yake ilikuwa halali. Hakuwa amezoea sungura, nami sikujua la kumuuliza. Leo nataka wewe ujue la kuuliza.

Hatua ya kwanza: kusanya majina matatu au manne.

Anza na watu wanaofuga sungura. Kuna wafugaji wengi pembezoni mwa jiji, kuanzia Kikuyu na Ngong hadi Ruiru, na mfugaji mwenye sungura 50 anajua vizuri ni nani huja na wanyama wakapona. Muulize hivi: "Mara ya mwisho sungura wako aliacha kula, ulimwita nani, na alifanya nini?" Ukiuliza tu kama anamjua daktari mzuri, atakupa jina la mtu anayechanja ng'ombe wake.

Pili, fika Kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ndiko kilipo kitivo cha udaktari wa mifugo, na wana kliniki ya wanyama wadogo. Hata kama kwako ni mbali, wahadhiri wanawajua waliokuwa wanafunzi wao, kwa hiyo uliza ni yupi kati yao anayependa kushughulikia sungura. Unaweza pia kuwauliza watu wa KSPCA kule Karen, kile chama cha kutetea wanyama, wao hupeleka sungura kwa nani.

Agroveti je? Muuza duka anaweza kukupa namba ya daktari, na hiyo ipokee kwa shukrani. Ila usikubali akuuzie dawa juu ya kaunta kwa kumweleza tu dalili. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili usimpake sungura kabisa. Ni sumu kwake.

Hatua ya pili ni fupi: hakikisha amesajiliwa.

Tangu Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia taaluma hii, Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya ndiyo inayosajili madaktari pamoja na wasaidizi wao wenye diploma na cheti. Wote wana kazi yao, lakini ujue unayezungumza naye yuko kundi gani, hasa ikiwa mnyama atapasuliwa. Ukifika kliniki, tazama ukutani kama leseni ni ya mwaka huu. Usione haya kuuliza. Daktari wa kweli hukuonyesha mwenyewe. Na kama nilivyosema, leseni inakuhakikishia tu kwamba ni daktari. Kama anajua sungura au la, utajua katika hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: piga simu, uulize maswali manne.

Hapa tutakaa kidogo. Piga asubuhi ya siku ya kazi, usipige wakati wa chakula cha mchana. Ukisema una sungura, huenda mtu wa mapokezi akakuuliza, "Wa kula ama wa kufuga?" Usikasirike, hapa kwetu ni swali la haki. Jibu kwa utulivu: "Ni wa kufuga nyumbani, ningependa kuzungumza na daktari mwenyewe dakika tano tu." Akiwa na mgonjwa, omba akupigie baadaye.

Akishika simu, msalimie, jitambulishe, kisha sema: "Daktari, nina sungura mzima, natafuta mtu wa kumhudumia. Naomba nikuulize mambo machache."

Swali la kwanza: "Kwa mwezi unaona sungura wangapi wa kufugwa nyumbani?" Hakuna idadi maalumu unayoitafuta. Sikiliza kama anajibu kwa mifano. Aliyewaona atakuambia juu ya meno, utitiri wa masikio, ukurutu, na matumbo yaliyosimama. Ambaye hajawaona atasema, "Wanyama wote tunatibu."

Swali la pili: "Akifanyiwa upasuaji, nimfungishe chakula tangu usiku?" Mbwa na paka hufungishwa ili wasitapike wakiwa katika nusukaputi. Sungura hatapiki, na tumbo tupu ni hatari kwake, kwa hiyo jibu zuri ni kwamba aendelee kula nyasi mpaka afike, na uje na chakula chake ili aanze kula mara anapoamka. Ukiambiwa asile wala asinywe kuanzia saa mbili usiku, shukuru, ukate simu, upige namba inayofuata kwenye orodha yako.

Swali la tatu ndilo lililonigharimu Pamba: "Ni antibiotiki zipi huwezi kumpa sungura kwa mdomo?" Unataka kusikia amoksilini, penisilini na jamaa zake, au klindamaisini, au linkomaisini. Akitaja hata mbili bila kusita, mwekee alama kwenye karatasi.

Swali la nne: "Nikikupigia jioni nikuambie hajala tangu asubuhi, utaniambia nini?" Jibu linalofaa ni "mlete sasa hivi," au "mpeleke mahali fulani mimi nikiwa sipo." Anayesema "mwangalie mpaka kesho" hafai, hata awe mpole namna gani.

Kuna jambo moja nitalisema kwa moyo wote. Daktari akikuambia, "Sungura sijawazoea, lakini niko tayari kusoma na kumpigia mwenzangu anayewajua," usimfute. Daktari wa Shaba alianza hivyo hivyo. Ninayemwogopa ni yule anayejua kila kitu.

Hatua ya nne: mpeleke mnyama mzima akatazamwe.

Omba nafasi ya kwanza asubuhi, kabla mbwa hawajajaa pale nje. Kelele ya mbwa pekee inaweza kumfanya sungura akatae chakula. Msafirishe ndani ya kasha gumu lenye matundu ya hewa, kama hili langu. Chini nimetandika taulo ili asiteleze, na juu yake konzi ya nyasi kavu. Usimtie kwenye gunia wala kwenye mfuko wa sandarusi. Ukipanda matatu, mpakate kasha lake, usiliweke karibu na injini. Joto humuumiza sungura haraka, na Februari hapa jijini jua la saa saba si la kumtembeza.

Ukifika, tazama mikono ya daktari kabla hujasikiliza maneno yake. Nitakuonyesha na Shaba. Kamera isogee kidogo.

Ona: mkono mmoja unapita chini ya kifua, mwingine unabeba makalio. Miguu ya nyuma haining'inii. Misuli ya miguu hii ina nguvu kuliko mifupa ya mgongo wake, na akirusha teke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Daktari mzuri humshika hivi, na mezani hutandika taulo kwanza. Anayemnyanyua kwa masikio, mchukue mnyama wako mwende nyumbani. Hilo halina mjadala.

Halafu anampima uzito kwa mizani inayoonyesha gramu. Hapimwi kwa kukadiria mkononi, kwa sababu dozi ya mnyama wa kilo 2 hailingani na ya mnyama wa kilo 3. Joto la mwili liwe kati ya nyuzi 38.5 na 40. Likishuka chini ya 38 kwa sungura mgonjwa, hiyo ni habari mbaya kuliko homa. Ataweka stetoskopu kifuani, kisha aishushe tumboni. Hapo tumboni asikilize kwa muda, upande huu na huu. Kwa sungura, tumbo lina mengi ya kusema kuliko moyo.

Sasa meno. Nikifunua mdomo wa juu hivi, unaona haya ya mbele. Watu wengi huishia hapo. Lakini sungura ana meno 28, na 22 kati yake yako nyuma kwenye mashavu, huyaoni kwa kufunua mdomo tu. Yote hukua maisha yake yote. Haya ya mbele hukua takriban milimita 2 kwa wiki. La nyuma lisipolika sawasawa hutoa ncha kali inayokata ulimi au shavu, na mnyama anakuwa anasogelea chakula kisha anageuka. Kwa hiyo subiri uone daktari akichukua otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kuchungulia masikio, na kukiingiza taratibu pembeni mwa mdomo ili aone nyuma. Siku ya kwanza nilipomwona daktari wa Shaba akifanya hivyo, bila mimi kumwambia, nilijua nimefika.

Mengine ni ya haraka: ndani ya masikio kama kuna magamba ya utitiri, nyayo kama zina vidonda, na makalio kama yamechafuka.

Atakuuliza pia sungura anakula nini. Asipouliza, hilo ni pengo kubwa, kwa maana magonjwa mengi ya sungura huanzia kwenye sahani. Chakula chake kikuu ni nyasi kavu. Hizi zangu ni za Boma Rhodes, nanunua robota nzima. Sukuma wiki na karoti ni vya kuonja.

Kama una jike, uliza pia kuhusu kumfunga uzazi. Majike wasiofungwa hupata saratani ya mfuko wa uzazi kwa wingi wakizeeka. Muulize daktari amewafanyia wangapi, na atampa nini cha kutuliza maumivu baadaye. Sungura mwenye maumivu hali chakula, kwa hiyo dawa ya maumivu ni sehemu ya upasuaji wenyewe. Na bei yote ijue kabla, pamoja na ile ya usiku.

Hatua ya tano: jiandae kwa siku mbaya.

Muulize daktari wako nani anapokea simu Jumapili na usiku, uandike namba ya pili. Kisha kesho, kukiwa na amani, safiri njia hiyo mara moja. Waiyaki Way saa kumi na moja jioni si sawa na saa tano usiku, na ni vyema ujue ni dereva gani wa teksi atakubali kubeba mnyama.

Siku ikifika, umpigie daktari kwanza. Mfunike taulo kama masikio ni baridi. Kama tumbo limevimba na ni gumu kama ngoma, usimlazimishe kula kitu. Mpeleke. Na chukua vinyesi vyake vya mwisho kwenye kijaluba, daktari atavitaka.

Kitu cha mwisho ninachofanya ni hiki hapa. Nimeandika namba zote mbili kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha kadibodi, pamoja na uzito wa Shaba na maneno haya: ASIPEWE AMOKSILINI YA KUNYWA. Nimekifunga kwa waya mlangoni mwa banda. Desemba nikienda ushago, binti wa jirani ndiye anayebaki na Shaba, na nimeshamwambia daktari jina lake, ili akipiga simu asianze kuulizwa yeye ni nani.