Tuma Faili kwa SFTP Bila Kuandika Paswedi ya Seva

Karibuni watazamaji. Leo tupo Ngamiani, Tanga, kwenye studio ya picha inayotuma video za harusi kwenye seva iliyoko Dar es Salaam kwa SFTP, njia salama ya kutuma faili. Mafundi wote hapa wanatumia paswedi moja. Hiyo tunaiondoa, badala yake kila fundi aingie kwa ufunguo wake, yaani jozi ya faili zinazomtambulisha kwa seva.

Kwenye kompyuta ya studio fungua dirisha la amri. Kwa Windows 10 au 11, PowerShell inatosha. Andika:

ssh-keygen -t ed25519

Ikikuuliza pa kuhifadhi, bonyeza Enter. Ikisema faili ipo tayari, jibu n, usije ukafuta ufunguo unaotumika kwingine. Kisha inaomba neno la siri la kulinda ufunguo. Wengi hupita hapa wakaacha patupu. Mimi sikubali: kompyuta ikiibwa, mwizi anaingia moja kwa moja hadi kwenye seva. Ukiandika, herufi hazionekani, kibodi haijafa.

Sasa una faili mbili. id_ed25519.pub ni ya wazi, ichukulie kama kufuli: mpe yeyote akafungie mlango wake. id_ed25519, isiyo na .pub, ndiyo ufunguo wenyewe. Haitumwi WhatsApp, haiwekwi kwenye flashi ya kuazimana, na hata msimamizi wa seva hapewi. Akiiomba, ujue kazi yenyewe haijui. Kila fundi atengeneze jozi yake. Akiacha kazi, unafuta mstari wake tu kwenye seva.

Twende seva. Kwa Linux na Mac:

ssh-copy-id picha@seva

Badala ya picha na seva, weka jina la akaunti na anwani yenu. Mara ya kwanza utaonyeshwa alama ya utambulisho ya seva na kuulizwa kama unaiamini. Usikimbilie yes. Mpigie msimamizi, mlinganishe herufi kwa herufi, ndipo uweke paswedi ya zamani.

Windows haina amri hiyo. Fungua faili ya .pub kwa Notepad, nakili mstari wote, ingia kwenye seva kwa ssh picha@seva, uubandike ndani ya ~/.ssh/authorized_keys, faili ya funguo zinazoruhusiwa. Usikatike katikati. Halafu, humo humo kwenye seva, rekebisha ruhusa za nani anaweza kufungua faili hizo:

chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys

Ruhusa zikiwa legevu, seva inaukataa ufunguo wala haikwambii kwa nini. Jaribu:

sftp picha@seva

Ikiomba neno la siri la ufunguo, safi. Ikiomba paswedi ya seva, rudi kwenye ruhusa.

Sasa tunafunga njia ya paswedi, na hapa ndipo watu hujifungia nje. Acha dirisha moja likiwa ndani ya seva, usiliguse. Kwenye faili ya mipangilio ya seva, /etc/ssh/sshd_config, weka:

PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no

Kwenye Ubuntu, chungulia pia folda ya sshd_config.d. Kinachosomwa kwanza ndicho kinachoshika, na mle huenda kuna kifaili kinachosema yes, ukahangaika bure. Iulize seva yenyewe (sudo ni kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi):

sudo sshd -T | grep -i passwordauth

Ikijibu no, andika sudo systemctl reload ssh, kisha ingia kwa sftp kwenye dirisha jipya. Ukikwama, lile la kwanza bado liko wazi, rekebisha.

Umeingia? Tuma: put harusi.zip. Umeme ukikatika katikati, usianze upya. Ingia tena, andika reput harusi.zip, itaendelea ilipoishia.