Ngome ya Nuru: Maisha ya Jāzeps Vītols

REHEMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo kaka Salim anatupeleka Latvia.

SALIM: Kwa ajili yako, dada, maana wewe ni mwanakwaya. Mtunzi wa muziki Jāzeps Vītols alizaliwa Valmiera mwaka 1863, Latvia ikiwa bado chini ya mfalme wa Urusi. Akaenda St. Petersburg kusomea muziki kwa mtunzi mashuhuri wa Urusi, Rimsky-Korsakov. Alipohitimu mwaka 1886 wakambakiza hapohapo afundishe.

REHEMA: Na waliopita mikononi mwake! Watunzi kama Prokofiev, Myaskovsky...

SALIM: Ndiyo. Rimsky-Korsakov alipofariki mwaka 1908, Vītols ndiye aliyeshika darasa la utunzi. Jina analo, kazi anayo. Halafu 1918 akaacha yote, akarudi kwao.

REHEMA: Kwenye nini? Vita vya Kwanza vya Dunia ndiyo kwanza vimeisha.

SALIM: Kwenye nchi iliyotangaza uhuru Novemba ya mwaka ule ule. Mwaka 1919 akaanzisha konsavatori ya Latvia, yaani chuo cha muziki, pale Riga, mji mkuu, akawa mkuu wake. Ana miaka 56 na anaanza upya. Hapo namvulia kofia.

REHEMA: Mimi nina wimbo wake mmoja tu kichwani, "Gaismas pils", yaani Ngome ya Nuru. Aliutunga mwaka 1899, kwaya tupu, hamna ala. Shairi ni la Auseklis, mshairi wa Kilatvia: ngome ya kale imezama, na haitainuka mpaka mtu apatie jina lake. Mwishoni watu wanaita nuru, nako kunapambazuka, ngome inapanda juu. Ukiwa umesimama katikati ya kwaya, mahali kama pale pumzi inakuishia kabla ya mstari. Unamtegemea jirani yako aendelee kushika sauti wakati wewe unavuta hewa.

SALIM: Na ngome inayoinuka ni kama taifa linaloamka, ndiyo maana wakubwa wa Kisovieti, walipoitawala Latvia baadaye, waliuogopa wimbo huo. Tamasha la nyimbo la 1985, Riga, ulikuwa umeondolewa kwenye onyesho la kufunga. Wanakwaya wakaudai. Wakamwita Haralds Mednis, kiongozi wa kwaya, mzee wa karibu miaka 80, wakamwita mpaka akasimama mbele yao. Ukaimbwa.

REHEMA: Nasisimka, kaka. Na Vītols mwenyewe hakuyaona hayo.

SALIM: Hakuyaona. Mwaka 1944 jeshi la Kisovieti lilipokaribia, alikimbilia Ujerumani. Akafia Lübeck mwaka 1948, mkimbizi wa miaka 84, mbali na chuo alichokijenga.

REHEMA: Hilo linaniuma. Mwalimu wa taifa zima anazikwa ugenini.

SALIM: Lakini walimfuata. Mwaka 1993, Latvia ikiwa huru tena, mabaki yake yakarudishwa Riga, yakazikwa kwenye Makaburi ya Msituni. Na chuo kile leo kinaitwa kwa jina lake.

REHEMA: Basi ngoja niuweke, tusikie dakika yake ya mwisho. Msikilizaji, tega sikio pale neno "gaisma", yaani nuru, linapoingia.