Njia ya Maiti: Kutafuta Asili ya Ukoo Bondeni Swaledale

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Mliniomba niwasimulie jinsi tulivyokwenda na mama mkwe wangu kutafuta asili yake. Bonde lenyewe ni Swaledale, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Vijiji vyake vya juu ni vidogo: Keld, Thwaite, Muker, Gunnerside.

Tulianza na makaratasi. Uingereza, makanisa yaliamriwa tangu mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, kwa hiyo nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Kumbe Swaledale majina ya koo ni machache mno. Akina Alderson wamejaa bondeni hata zamani ilibidi watu watambulike kwa majina ya utani. Mama alikuwa na jina la babu, basi. Siku mbili tukapekua madaftari, jina likawa linajirudia tu.

Tukayaacha, tukatembea.

Juu ya Gunnerside milima imechimbuliwa, imebaki vifusi na kuta za mitambo ya kuyeyushia madini ya risasi. Wanaume wa huku walichimba madini hayo na kufuga kondoo kwa wakati mmoja. Miaka ya 1880 bei ya risasi ilipoporomoka, familia nyingi zilihama: wengine viwanda vya pamba Lancashire, wengine makaa ya mawe Durham, wengine Marekani. Mama alikuwa amesikia utotoni kwamba wazee wake waliitupa ardhi yao. Mimi nasema hawakuitupa. Kondoo peke yao wasingewalisha.

Lakini kilichonigusa zaidi ni njia ya maiti. Kabla ya mwaka 1580 bonde la juu halikuwa na makaburi yaliyowekwa wakfu. Aliyefia Keld alibebwa hadi kanisa la Grinton, kilomita zipatazo 25, ndani ya jeneza la fito zilizosukwa ili lisiwaelemee wabebaji. Mwaka huo Muker ikapata kanisa na uwanja wake wa kuzikia.

Njia hiyo inapita daraja la Ivelet, tao moja la mawe lililobinuka juu ya mto. Kando yake, kwenye majani, limelala jiwe refu, bapa. Hapo ndipo jeneza lilipotuliwa, watu wakapumzika. Mama alipiga magoti, akasogeza majani, akapitisha kiganja juu yake kuanzia ncha moja hadi nyingine.

Mnajua kwetu jeneza likipita kila mtu anakimbilia apate japo hatua tatu begani. Mabega hayatupungukii, jeneza haligusi chini mpaka kaburini. Wale walikuwa wachache, na njia ndefu, ndiyo maana wakahitaji jiwe.

Miguu ilikuwa inaniuma, nikataka kuketi pale. Mama akanishika mkono.

"Hapana," akasema. "Hapo si pa kukalia."

Tukasimama wote wawili mpaka mvua ikaanza.